Redio Inayokwaruza Baada ya Antena Mpya: Kutafuta Chanzo cha Tatizo Katika Gari la Spoti

Wenye magari ya spoti huondoa antena ya kiwandani kwa sababu zinazoeleweka: fimbo ndefu huvuma gari likienda kasi, huvuruga umbo lililobuniwa kwa uangalifu, hugonga dari za maegesho, au imekwisha kuvunjika na ya orijino haipatikani. Kufunga antena mbadala huonekana kazi ya dakika chache. Hata hivyo, mara nyingi redio iliyokuwa ikisikika vizuri huanza kukwaruza, stesheni za mbali hupotea, na lawama zote huiangukia fimbo mpya.

Fimbo hiyo ni nusu moja tu ya antena. Nusu ya pili ni bodi ya gari, ambayo hushirikiana na fimbo kuyapokea mawimbi, na baada ya hizo mbili kuna kebo, viunganishi na, katika magari mengi, busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, inayohitaji umeme wake yenyewe. Anayebadilisha fimbo hugusa pia sehemu hizo nyingine, hata kama hakukusudia. Kwa hiyo ninashauri usinunue antena nyingine, na hasa usinunue busta ya kuongezea, mpaka ujue ni kiungo kipi kilichokatika.

Majaribio ya awali yasiyohitaji zana

Liegeshe gari mahali pa wazi, mbali na majengo marefu, uzime injini na uiache redio ikiwaka. Chagua stesheni moja yenye nguvu na moja hafifu kwenye FM, kisha ufanye vivyo hivyo kwenye AM ikiwa redio yako ina bendi hiyo. Linganisha na redio ndogo ya mkononi ukiwa umesimama nje ya gari hapo hapo. Iwapo stesheni hafifu haisikiki hata kwenye redio ya mkononi, huenda tatizo ni la eneo wala si la antena. Washa injini, usikilize tena, na uandike ulichokisikia, kwa sababu tofauti kati ya FM na AM, na kati ya injini iliyozimwa na inayonguruma, ndiyo itakayokuonyesha pa kuelekea.

Ikiwa antena mbadala imefungwa kwenye kitako kile kile cha kiwandani, yaani sehemu ya bodi inayoshikilia fimbo, irudishe fimbo ya zamani kwa muda. Hakuna kipimo chenye faida kubwa kuliko hiki. Usikivu ukirudi, tatizo liko kwenye fimbo mpya au mahali inapogusana na kitako. Usiporudi, kuna kitu kilichoharibika au kulegea chini ya kitako, kwenye kebo au nyuma ya redio, na hakuna fimbo yoyote itakayokuponya.

Angalia pia kama redio imewekwa kwenye hali ya kupokea stesheni za karibu tu, ambayo huandikwa LOC au LOCAL kwenye skrini. Hali hiyo hufanya utafutaji wa stesheni uziruke zile hafifu, na ni rahisi kuiwasha bila kujua wakati redio ilipotolewa na kurudishwa.

FM ni safi karibu na mnara, lakini hukwaruza mapema kuliko zamani

Hii ndiyo dalili ya kawaida ya fimbo fupi, na sehemu yake haina tiba. Matangazo ya FM katika nchi nyingi hurushwa kati ya megahezi 87.5 na 108. Kwenye megahezi 100, urefu wa wimbi moja ni mita 3, na robo yake ni sentimita 75, ambao ni urefu unaokaribiana na ule wa fimbo nyingi ndefu za kiwandani. Fimbo ya sentimita 20 huvuna volti chache zaidi kutoka kwenye wimbi lile lile. Watengenezaji huzungushia ndani yake waya mrefu kwa umbo la springi ili ilingane na masafa ya FM, na mbinu hiyo husaidia kweli, lakini hairudishi kila kilichopotea kwa kupunguza kimo.

Dalili za upungufu wa kawaida huja kwa hatua. Kwanza sauti hupoteza mtengano wa kushoto na kulia, kwa kuwa redio nyingi hurudi kwenye mono, yaani sauti ile ile kwa spika zote, mawimbi yanapopungua. Kisha sauti nyembamba hufifia. Mwisho huja mikwaruzo. Ukiona mpangilio huo ukitokea kilomita kadhaa mapema kuliko ulivyozoea, fimbo inafanya kazi yake kwa kadiri ya urefu wake. Uamuzi ni wako. Kwa maoni yangu, fimbo iliyo chini ya sentimita 15 inamfaa mtu ambaye karibu safari zake zote ni za mjini, na anayesafiri mbali atafute iliyo ndefu zaidi hata kama haipendezi macho kwa kiwango kile kile.

Lakini kabla ya kukubali hasara hiyo, hakikisha fimbo mpya inapitisha umeme. Fimbo nyingi za mapambo hutengenezwa kwa alumini iliyopakwa rangi ngumu kwa njia ya kikemikali, na tabaka hilo la rangi huzuia umeme. Fimbo ikiwa na thredi zilizopakwa hivyo, inaweza kukazwa barabara kabisa na bado isigusane na kitako kiumeme. Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye kipimo cha omu, ncha moja kwenye thredi na nyingine kwenye sehemu ya juu yenye metali tupu. Usomaji unapaswa kukaribia sifuri. Ikiwa fimbo imefunikwa kwa mpira au plastiki, jiridhishe walau kwamba thredi zinaungana na uzi wa kati wa kebo, ule unaobeba mawimbi, baada ya fimbo kukazwa. Palipopakwa rangi, kwangua kidogo uso wa mgusano kwa msasa laini.

Thredi zenyewe nazo huleta balaa. Vitako vingi hutumia saizi ya M5 au M6, na pakiti ya antena mbadala huja na vipande kadhaa vya kubadilishia. Kipande kisicho saizi yake hushika mizunguko miwili mitatu kisha hulegea gari likitikisika, na hapo stesheni hukatika na kurudi kila unapopita kwenye shimo. Ukisikia hivyo, gusa fimbo kwa mkono huku redio inaimba: sauti ikibadilika ghafla kwa kusukumwa kidogo tu, umeshampata mwizi.

FM na AM zote zimedhoofika, hata ukirudisha fimbo ya zamani

Hapa mshukiwa wa kwanza ni athi, yaani muunganisho wa kitako cha antena na metali ya bodi. Katika uzoefu wa kazi hizi, hiki ndicho chanzo kinachopuuzwa kuliko vyote, labda kwa sababu hakionekani kutoka nje. Wavu wa nje wa kebo, yaani nyuzi za metali zinazouzunguka uzi wa kati, unapaswa kugusana na bodi mahali pale pale antena ilipofungwa. Kitako kipya kikiwekwa juu ya rangi, juu ya gasketi ya mpira, au juu ya mabaki ya gundi, mguso huo hupotea. Athi inayobaki ni ile ya mbali nyuma ya redio, na kebo nzima hugeuka kuwa sehemu ya antena inayokusanya kelele za gari.

Ondoa kebo kwenye redio, kisha upime kati ya wavu wa nje na sehemu ya bodi isiyo na rangi iliyo karibu na antena. Usomaji unaofaa ni chini ya omu 1. Ukizidi hapo, fungua nati, kwangua rangi upande wa chini wa bati, upande usioonekana, na uweke washa yenye meno ili iume metali. Paka grisi kidogo kuzunguka mgusano baada ya kukaza, kwa maana metali iliyokwanguliwa huanza kutu haraka. Kwenye bodi ya alumini uangalifu uongezwe: nati ya shaba nyeupe au ya chuma kisichoshika kutu ikigusana na alumini penye unyevu hula alumini polepole, na athi iliyokuwa nzuri leo hufifia bila kelele.

Wakati kebo iko wazi, pima pia mwendelezo wa uzi wa kati kutoka ncha ya kiunganishi hadi kwenye fimbo, ambao unapaswa kukaribia sifuri. Kisha pima kati ya uzi wa kati na wavu wa nje. Kwa fimbo ya kawaida isiyo na busta wala koili (waya uliozungushwa) ya kuunganisha na athi, hapo pasiwe na njia yoyote ya umeme. Ukiona omu chache, kebo imebanwa mahali fulani au maji yameingia. Kwa antena yenye busta, kipimo hiki cha pili hakikupi jibu la kuaminika, kwa kuwa unakuwa unapima vijenzi vya busta yenyewe.

Magari ya spoti yana shida ya ziada ambayo gari la familia halina. Bodi nyingi za magari haya si za metali. Chevrolet Corvette imekuwa na bodi ya faibaglasi na vifaa vya jamii hiyo tangu 1953, na Lotus Elise ina bodi ya faibaglasi juu ya fremu ya alumini. Faibaglasi haiwezi kuwa nusu ya pili ya antena. Kiwanda hulitatua hilo kwa bamba au mkanda wa metali uliofichwa chini ya bodi, na fundi anayeng'oa kitako cha zamani anaweza kuuacha mkanda huo ukining'inia bila kuunganishwa tena. Tafuta mkanda wa namna hiyo kabla ya jambo lingine lolote. Usipokuwepo, tengeneza mwingine: bandika chini ya paneli karatasi ya shaba au ya alumini inayozunguka tundu la antena, uiunganishe na kitako, kisha uvute mkanda mpana na mfupi wa shaba hadi kwenye fremu. Eneo kubwa ni bora kuliko dogo, na hata bamba lisilofikia sentimita 75 kila upande huleta nafuu inayosikika. Waya mwembamba mrefu hautoshi. Kwa mawimbi ya FM, urefu wake wenyewe huwa kizuizi.

Nyuzi za kaboni hupitisha umeme kwa kiasi, lakini gundi inayozishikilia haipitishi, kwa hiyo usitegemee kupata athi kwa kukaza nati juu ya paneli ya kaboni.

Karibu hakuna kinachosikika, isipokuwa stesheni moja au mbili za karibu sana

Usikivu ukishuka ghafla namna hii, hasa ikiwa redio nayo imebadilishwa, kwa kawaida busta haipati umeme. Antena fupi nyingi za kiwandani na karibu antena zote zilizofichwa ndani ya kioo hutegemea busta iliyo kwenye kitako au karibu na kioo. Busta iliyozimika haiyaachii mawimbi yapite tu. Huyazuia, na ndiyo maana hali huwa mbaya kuliko kutokuwa na busta kabisa.

Umeme huo hufika kwa mojawapo ya njia mbili. Katika baadhi ya magari kuna waya wake maalumu, ambao kwenye redio mbadala kwa kawaida ni wa buluu, au wa buluu wenye mstari mweupe. Katika mengine umeme husafiri ndani ya kebo ile ile ya antena, kupitia uzi wa kati, ukitoka kwenye redio ya kiwandani. Redio nyingi mbadala hazitumi umeme kwa njia hii ya pili, kwa hiyo huhitajika adapta inayounganishwa kati ya redio na kebo, yenye waya mmoja wa kuunga kwenye waya wa buluu. Pima: redio ikiwa imewashwa na kebo imetenganishwa upande wa antena, weka multimita kwenye volti kati ya uzi wa kati na wavu wa nje. Usipoona volti yoyote wakati busta inaitegemea njia hiyo, umepata jibu.

Kinyume chake pia hutokea. Ukiiacha redio ya kiwandani inayotuma umeme kwenye kebo, kisha ukafunga antena mbadala ambayo ndani yake uzi wa kati umeungana na athi kupitia koili, umeuletea umeme ule njia ya mkato. Baadhi ya redio hujilinda kwa kuukata na kuandika hitilafu ya antena. Katika hali hiyo tumia kiungo chenye kapasita inayozuia umeme wa betri na kuruhusu mawimbi, au chagua antena iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lako.

Rangi za viunganishi vya FAKRA, aina ya viunganishi vya kebo za antena za magari, zitakusaidia kutokosea: cheusi ni cha redio isiyotuma umeme kwenye kebo, cheupe ni cha redio inayotuma, na cha buluu ni cha GPS. Maumbo yao huzuia kuchanganywa, kwa hiyo kiunganishi kikikataa kuingia usikilazimishe. Gari likiwa na kebo mbili za redio, jua kwamba redio ya kiwandani ilikuwa ikichagua antena yenye mawimbi bora kwa kila wakati. Ukiunganisha moja tu, tegemea sauti kupepea zaidi mjini, penye mawimbi yanayodunda kwenye kuta za majengo.

FM ni nzuri, AM imetoweka

Kwenye AM, kilohezi 1000 zina wimbi la mita 300, kwa hiyo fimbo yoyote ya gari ni fupi mno, na volti inayopatikana hufuata kimo chake. Ukipunguza fimbo, AM huumia kwanza na huumia zaidi. Kuna sababu ya pili inayofichika: fimbo fupi hutoa umeme dhaifu sana ambao hulazimika kuujaza uwezo wa kapasita, yaani wa kuhifadhi chaji, uliomo kwenye kebo. Kebo maalumu ya antena ya gari hutengenezwa kwa uzi wa kati mwembamba na nafasi kubwa ya hewa ili kupunguza uwezo huo. Fundi akiirefusha kwa kebo ya kawaida ya omu 50, kila mita huongeza takriban pikofaradi 100 za uwezo huo, na AM huzama hata kama FM haionyeshi tofauti. Ondoa nyongeza hiyo, utumie kebo ya antena ya gari kwa urefu unaotosha tu.

Redio za magari ya zamani zina skrubu ndogo ya kurekebishia antena, mara nyingi karibu na tundu la kebo au nyuma ya kitufe. Baada ya kubadilisha fimbo, tafuta stesheni hafifu karibu na kilohezi 1400, uizungushe taratibu mpaka sauti ifikie kilele. Wenye magari ya kale huruka hatua hii na kisha huuza redio nzuri kwa bei ya chuma chakavu.

Mlio unaopanda na kushuka na injini

Chomoa kebo ya antena kwenye redio huku injini ikinguruma. Mlio ukiendelea, unaingia kupitia nyaya za umeme, na antena haina hatia. Kagua athi ya redio na alteneta. Mlio ukikoma, unaingia kupitia antena au kebo yake, na mara nyingi ni athi ya kitako inayolegea. Filimbi nyembamba ni ya alteneta. Mipasuko ya haraka ni ya mfumo wa kuwasha injini. Chomoa pia chaja ya simu, kamera ya dashibodi na taa za LED, kimoja baada ya kingine, kwani vifaa hivyo huchafua bendi nzima bila kujali kasi ya injini. Katika gari lenye injini nyuma au katikati, kebo ya antena isipite kando ya koili za kuwashia.

Stesheni moja inasikika sehemu nyingi za bendi

Huku ni kuzidiwa, si upungufu. Busta iliyoongezwa ikikutana na mnara ulio karibu, huzalisha nakala za matangazo pasipo pake na kuzifunika stesheni nyingine. Iondoe busta ya kuongezea. Busta iliyowekwa karibu na redio haiwezi kurudisha mawimbi ambayo fimbo haikuyapata; hukuza kelele na sauti kwa pamoja.

Stesheni zikikosekana juu ya kiwango fulani tu, usiiguse antena. Redio za soko la Japani huanzia megahezi 76 na huishia 90, au 95 kwa zile za karibuni, na redio za Marekani husogea kwa hatua za kilohezi 200, kwa hiyo huziruka stesheni zenye desimali shufwa.

Antena zilizofichwa

Antena ya kubandika ndani ya kioo cha mbele hushindwa kabisa ikiwa kioo hicho kina tabaka la metali la kuzuia joto. Vivyo hivyo filamu ya kutia giza yenye metali huiua antena iliyochorwa kwenye kioo cha nyuma. Antena yenye umbo la pezi la papa, ya kubandika kwa gundi juu ya kisiki cha antena, isiyo na waya wowote ndani, ni pambo. Unapopitisha kebo ndani ya nguzo ya kioo, tenganisha betri kwanza na uifuate njia ya nyaya za kiwandani bila kukatiza mbele ya mfuko wa hewa, kwa sababu kebo iliyo mbele yake inaweza kuuzuia kufunguka ipasavyo.

Usikivu unaoharibika baada ya mvua

Tatizo linalokuja siku ya mvua na kuondoka na jua ni maji kwenye kitako. Antena mbadala nyingi huja na mpira mwembamba usiofuata mkunjo wa madigadi, na maji hupenya, huingia kwenye wavu wa kebo na kusafiri ndani yake kama utambi unavyovuta mafuta. Kata ncha ya kebo: wavu ukiwa wa kijani au mweusi, kuikausha hakusaidii, ibadilishe. Ikiwa nafasi hiyo ilikuwa ya antena ya mota, inayojipandisha na kujishusha yenyewe, zibua bomba lake la kutolea maji na ufunge ncha za nyaya zake zilizobaki kwa tepu ya umeme. Paka silikoni isiyotoa asidi kuzunguka mpira, si chini ya nati ya athi, uiache ikauke, umwagie maji juu ya kitako kwa dakika kadhaa, kisha urudie kipimo cha omu kati ya uzi wa kati na wavu kabla ya kufunga paneli ya ndani.